LON CHANEY, MTU WA SURA ELFU

Katika miaka ya 1920 Wamarekani walikuwa na mzaha mmoja walioupenda sana. Mtu akiona buibui anapita sakafuni na kuinua mguu ili amponde, mwenzake humzuia upesi na kumwambia asimkanyage mdudu yule, kwani huenda akawa ni Lon Chaney.

Mzaha huo haukuwa wa kumkejeli. Ulikuwa ni sifa. Zama hizo hapakuwa na mchezaji wa sinema aliyejua kubadili sura na umbo kama yeye. Katika picha moja ataonekana kizee kikongwe, katika nyingine kiwete asiye na miguu, na katika ya tatu kibiongo anayeparamia kuta za kanisa. Watu walimwita mtu wa sura elfu, na jina hilo limemganda mpaka leo.

Wapenzi wengi wa picha za kutisha wanawajua Boris Karloff, Bela Lugosi na Christopher Lee. Hao wote walikuja baadaye. Aliyewafungulia njia ni huyu Chaney, aliyecheza picha zaidi ya 150, na karibu zote zilikuwa zile picha za kale zisizokuwa na sauti, ambazo watu walizoea kuziita sinema bubu.

Lakini ustadi wake hakuupata katika studio za Hollywood, wala hakufundishwa na mwalimu yeyote wa michezo ya jukwaani. Aliupata kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, na mama huyo alikuwa kiziwi. Ndiyo maana maisha ya mtu huyu yana mafunzo hata kwa yule asiyependa kutazama picha za kutisha.

NYUMBA YA KIMYA

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Leonidas Frank Chaney. Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1883 katika mji wa Colorado Springs, jimbo la Colorado, chini ya milima ya Rocky. Baba yake, Frank, alikuwa kinyozi aliyejulikana na kupendwa mjini. Mama yake aliitwa Emma. Wote wawili, mume na mke, walikuwa viziwi.

Uziwi haukuwa jambo geni katika ukoo wa Emma. Baba yake, Mzee Jonathan Kennedy, alikuwa na watoto kadhaa viziwi. Wazee wengi wa wakati ule waliojaliwa watoto wa namna hiyo waliona haya na kuwaficha ndani. Mzee Kennedy hakufanya hivyo. Mwaka 1874 alianzisha shule ya viziwi papo hapo Colorado Springs, katika nyumba ya kupanga. Ilianza na wanafunzi saba tu, na watatu kati yao walikuwa wanawe mwenyewe. Shule hiyo ipo hadi hii leo, nayo hufundisha viziwi na vipofu.

Basi Lon alikulia katika nyumba ambayo maneno yalisemwa kwa mikono. Yeye mwenyewe alisikia vizuri na kusema vizuri, lakini akitaka kumwambia baba yake kwamba ana njaa au amefurahi, ulimi haukumfaa kitu. Ilimbidi aseme kwa vidole, kwa macho, kwa nyusi na kwa mabega. Mtoto anayelelewa hivyo hujua mapema kwamba uso wa binadamu una lugha yake, na kwamba lugha hiyo haidanganyi kwa urahisi kama ulimi.

Alipofika umri wa miaka tisa au kumi hivi, mama yake alishikwa na maradhi ya baridi yabisi, yakamlaza kitandani. Lon, aliyekuwa darasa la nne, akatolewa shule ili amuuguze mama na kuwatazama wadogo zake. Hakurudi darasani tena.

Emma hakuweza kutoka nje, wala hakuweza kusikia habari za mji. Madirisha yake ya dunia yalikuwa ni macho ya mwanawe. Kila siku kijana huyo akitoka kwenda mjini huwatazama watu kwa makini, namna wanavyokwenda, wanavyogombana na wanavyocheka. Akirudi husimama mbele ya kitanda na kumwigizia mama yake yote aliyoyaona, bila ya kutoa sauti, kwani sauti haikuwa na maana. Mama akicheka, kijana hujua kwamba ameigiza vyema. Mama akikunja uso kwa kutofahamu, hurudia tena.

Sisi tuliolelewa kwa kuambiwa kwamba radhi ya mama ni ngao ya mtoto hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Kijana aliacha shule kwa ajili ya kumtumikia mzazi wake, na utumishi ule ule ukageuka kuwa elimu yake na riziki yake ya maisha yote.

JUKWAANI

Lon hakuingia sanaa kwa mlango wa mbele. Alianza kama kijana wa kazi katika jumba la michezo la mji wake, akibeba viti na kupanga mapambo ya jukwaa. Alijifunza pia ufundi wa kutandika mazulia na kutundika mapazia, ili akikosa kazi ya jukwaa awe na kazi ya mikono. Mwaka 1902 akaanza kuigiza yeye mwenyewe, kisha akawa anazunguka miji ya Marekani pamoja na vikundi vya wachezaji. Maisha hayo yalikuwa ya taabu. Leo chakula kipo, kesho hakipo, na kikundi kikivunjika mbali na nyumbani kila mtu hujitafutia nauli yake.

Katika safari hizo alikutana na msichana mwimbaji aitwaye Cleva Creighton, wakaoana mwaka 1905. Februari 1906, walipokuwa Oklahoma City, walipata mtoto wa kiume, wakamwita Creighton.

Ndoa hiyo haikudumu. Cleva alianza kupata sifa kwa uimbaji wake, na mume alikuwa mtu wa kazi za nyuma ya jukwaa. Wakaingiwa na wivu na ugomvi usiokwisha. Tarehe 30 Aprili 1913, Cleva alikwenda katika jumba la michezo la Majestic mjini Los Angeles, ambako mumewe alikuwa akifanya kazi, na huko akanywa sumu. Mwenyezi Mungu hakutaka afe. Alipona, lakini sumu ilimharibu koo, na ile sauti yake nzuri ya kuimba haikurudi tena.

Aibu ya jambo hilo ilienea katika magazeti. Lon akampa mkewe talaka, na milango ya majumba ya michezo ikawa imemfungikia. Mtoto wao alilelewa na watu wengine na katika shule za bweni mpaka mwaka 1915, Lon alipomwoa Hazel Hastings na kumrudisha mwanawe nyumbani. Hazel alikaa naye kwa mapenzi na utulivu mpaka siku ya kufa.

KIWETE ALIYESIMAMA WIMA

Baada ya msiba wa Los Angeles, Chaney alikimbilia sinema, ambayo wakati ule ilidharauliwa na watu wa jukwaani. Mwaka 1913 alikuwa akifanya kazi katika studio ya Universal. Alikuwa mmoja tu kati ya umati wa wachezaji wadogo waliongoja kila asubuhi kuitwa. Siku moja anatakiwa baharia, siku nyingine mzee, siku nyingine jambazi. Chaney aliona kwamba mwenye uso mmoja hupata kazi moja, na mwenye nyuso kumi hupata kazi kumi. Akanunua rangi, nta, nywele za bandia na gundi, akaviweka katika sanduku dogo na kuanza kujifunza mwenyewe mbele ya kioo.

Katika muda wa miaka mitano hivi alicheza picha nyingi fupi fupi, zinakaribia mia. Hata hivyo alipoomba nyongeza ya mshahara, afikishiwe dola 125 kwa wiki, meneja wa studio alimjibu kwamba hatapata kuwa na thamani ya zaidi ya dola 100 maishani mwake. Chaney akachukua sanduku lake, akaondoka.

Bahati yake ilifunguka mwaka 1919 katika picha iitwayo The Miracle Man, iliyotengenezwa na George Loane Tucker. Inahusu kikundi cha matapeli wanaotaka kumtumia mzee mmoja mcha Mungu ili wawaibie watu fedha. Chaney alicheza kama tapeli anayejifanya kiwete aliyepotoka viungo vyote. Mbele ya umati anatambaa mavumbini mpaka kwa mzee yule, kisha kiungo kimoja kimoja kinanyooka, hadi anasimama wima. Ule ulikuwa ni udanganyifu. Lakini hapo hapo mtoto mdogo aliye kiwete wa kweli anatupa magongo yake na kumkimbilia mzee, na matapeli wanaduwaa.

Picha hiyo ilileta faida kubwa, na jina la Chaney likajulikana Marekani nzima. Kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya picha imepotea, na vipande vichache tu ndivyo vilivyobaki.

Mwaka uliofuata alicheza The Penalty, yaani adhabu, kisa cha mtu aliyekatwa miguu yote miwili utotoni kwa kosa la daktari, akakua na chuki mpaka akawa mkuu wa wahalifu wa mji wa San Francisco. Ili aonekane hana miguu, Chaney aliikunja nyuma, akaifunga kwa mikanda, na kutembea kwa magoti ndani ya viatu vya ngozi. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba hakuweza kuvumilia ila dakika chache, kisha hufunguliwa na kusuguliwa ili damu irudi. Mwenye kuitazama picha hiyo leo humwona akipanda, akishuka na kurukia chini bila ya hila yoyote ya kamera.

KIBIONGO NA MTU WA KINYAGO

Studio ya Universal, ile ile iliyomnyima dola 25, ilimwita tena mwaka 1923 acheze The Hunchback of Notre Dame, iliyotokana na kitabu cha Mfaransa Victor Hugo. Chaney alikuwa Quasimodo, mpiga kengele wa kanisa kubwa la Paris, kibiongo mwenye jicho bovu, ambaye kengele zenyewe zimemtia uziwi. Mgongoni alijibandika nundu ya plasta. Magazeti ya wakati ule yalidai ina uzito wa ratili 70. Hiyo ni chumvi ya watangazaji, lakini hata bila ya chumvi ulikuwa mzigo wa kutosha.

Wakati mmoja katika picha hiyo Quasimodo anafungwa hadharani na kupigwa mijeledi. Umati unamcheka. Kiu inamshika, anaomba maji, hapana anayempa. Ndipo msichana Esmeralda, ambaye kibiongo huyo alitaka kumteka, anapanda ngazi na kumnywesha. Chaney hakuwa na neno la kusema pale. Alikuwa na jicho moja tu la kutazamia, kwani la pili alilifunika. Kwa jicho hilo moja watazamaji waliona kitu kinachovunjika ndani ya mtu aliyezoea mawe na matusi, na walioingia kumwogopa walitoka wakimlilia.

Miaka miwili baadaye, 1925, ikatoka picha iliyomfanya asisahaulike, The Phantom of the Opera. Ni kisa cha mwanamuziki Erik, aliyezaliwa na uso wa kutisha, anayeishi mapangoni chini ya jumba la opera la Paris na kuuficha uso wake kwa kinyago. Anampenda msichana mwimbaji, naye msichana kwa udadisi anamnyemelea kwa nyuma na kukivua kinyago.

Studio ilikataza picha za uso huo zisitolewe magazetini kabla ya filamu kuonyeshwa. Chaney aliutengeneza mwenyewe. Aliivuta pua yake juu, akainua mashavu, akatia rangi nyeusi kuzunguka macho mpaka kichwa kikawa kama fuvu. Ilisemekana kwamba watu walizimia katika majumba ya sinema. Wengine walipiga kelele, hilo halina shaka. Lakini katika picha hiyo hiyo, baada ya hofu ya kwanza, mtazamaji anaona kwamba Erik anaona haya. Mwishoni umati unamfukuza njiani na kumuua, na mtu hajui tena nani mnyama, yule mwenye sura mbaya au wale wenye sura nzuri wanaomkimbiza.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya Chaney na wengi waliomwiga. Hakutaka kilema kiwe kichekesho wala kitisho kitupu. Alikuwa mtoto wa viziwi, na alijua jinsi watu wazima wanavyowaonyesha vidole wasiofanana nao. Mara kwa mara alieleza kwamba shabaha yake ni kuwakumbusha watu kuwa hata aliye duni na aliyeharibika umbo anaweza kuwa na moyo wa kujitolea kuliko wengine. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi zaidi, hujafa hujaumbika.

MAGHARIBI YA ZANZIBAR

Baada ya hapo Chaney alikuwa mali ya studio ya Metro-Goldwyn-Mayer. Alifanya kazi hasa na mtengenezaji picha Tod Browning, na kwa jumla walishirikiana katika picha kumi. Katika The Unknown ya 1927 alikuwa mtupa visu asiye na mikono. Joan Crawford, aliyekuwa bado msichana na baadaye akawa nyota mkubwa, alicheza naye humo. Alikiri maisha yake yote kwamba kwa kumtazama Chaney ndipo alipofahamu tofauti ya kusimama mbele ya kamera na kuigiza.

Mwaka 1928 wawili hao walitoa picha ambayo jina lake lingemshtua msomaji wa pwani yetu, West of Zanzibar, yaani magharibi ya Zanzibar. Isichanganywe na picha ya Waingereza yenye jina hilo hilo iliyotoka mwaka 1954.

Chaney humo ni Phroso, mcheza kiinimacho wa London. Mfanyabiashara wa pembe za ndovu, Crane, anamchukulia mkewe na kumsukuma kutoka juu hadi anavunjika mgongo na kupooza miguu. Baadaye anamkuta mkewe amekufa, na kando yake mtoto mchanga. Phroso anaamini mtoto ni wa Crane. Anakuja naye Afrika, anamtupa binti huyo alelewe katika nyumba ya ufasiki Unguja, na yeye mwenyewe anakaa porini miaka 18 akingoja kisasi. Siku ya kisasi ikifika anaambiwa kwamba binti aliyemharibia maisha ni damu yake mwenyewe. Uso wa Chaney wakati wa kupokea habari hiyo ni kati ya mambo makubwa aliyopata kuyafanya.

Lakini haki ni haki, na lazima isemwe. Picha hiyo haikupigwa Zanzibar wala popote Afrika. Ilitengenezwa katika studio huko California. Waafrika wanaoonekana humo ni watu wa kuogopa vinyago na kuhadaiwa kwa kiinimacho, na wamezuliwa ada ya kumchoma moto mke au binti pamoja na maiti ya mwanamume wake, jambo ambalo watu wetu hawalijui. Zanzibar ya mwaka 1928, chini ya Sayyid Khalifa bin Harub, ilikuwa mji wa misikiti, makadhi, madrasa na wafanyabiashara wa kila taifa. Hollywood haikutaka kuyajua hayo. Ilitaka jina lenye harufu ya mbali, basi.

Hali kadhalika katika Mr. Wu ya 1927, Chaney alijipaka rangi na kujivuta macho akawa Mchina, wakati ambapo Wachina wenyewe hawakupewa nafasi kubwa kama hizo. Desturi ya zama zake ilikuwa hiyo, naye hakuivunja. Yule aliyewafundisha watu kumwonea huruma kibiongo hakupata kuwafundisha kumwona Mwafrika au Mchina kuwa mtu kamili. Huruma yake ilifika mbali, lakini haikufika kwetu.

MTU ASIYEPENDA KUONEKANA

Nje ya kamera Chaney alikuwa mtu wa nyumbani. Hakupenda karamu za Hollywood, wala hakupenda kuhojiwa na waandishi. Alishikilia kwamba baina ya picha moja na nyingine hakuna mtu aitwaye Lon Chaney, bali kuna mume na baba tu. Sura zake alizifuta kwa mafuta kila jioni, akatembea njiani bila ya kutambuliwa. Wafanyakazi wa chini wa studio, mafundi wa taa na waseremala, walimpenda kwa kuwa hakusahau alikotoka.

Alipenda kuvua samaki milimani. Karibu na Big Pine, California, alijenga nyumba ndogo ya mawe, na aliyemchorea ramani ni Paul Williams, mchoraji majumba Mmarekani mweusi, katika siku ambazo weupe wengi hawakukubali hata kukaa naye meza moja. Nyumba hiyo bado imesimama.

Ujuzi wake nao uliheshimiwa. Mwaka 1929 kamusi kubwa ya elimu ya Britannica ilipotoa chapa ya 14, aliyeandika maelezo ya kutengeneza sura za wachezaji alikuwa ni Chaney, mtu aliyeacha masomo darasa la nne.

SAUTI ILIYOCHELEWA

Kufika hapo sinema ilikuwa imeanza kusema. Kwa wengi hiyo ilikuwa furaha, lakini kwa viziwi ulikuwa msiba. Muda wa miaka thelathini walikaa katika jumba la sinema sawasawa na wenye kusikia, wakasoma maandishi na nyuso kama kila mtu. Sauti ilipoingia maandishi yakaondolewa, na mlango ukafungwa mbele yao.

Chaney alikuwa miongoni mwa wa mwisho kukubali. Alichelea kwamba mtu wa sura elfu akisikika kwa sauti moja, siri itafichuka. Hatimaye akakubali, mwaka 1930, kurudia picha yake ya zamani The Unholy Three, sasa kwa sauti. Humo ni mwizi anayejua kusema bila ya kufungua mdomo, naye hujigeuza bibi kizee mwenye duka la ndege. Chaney alitoa sauti tano mbalimbali, pamoja na ya mwanasesere na ya kasuku. Ili watu wasiseme ametumia wengine, alitia sahihi hati ya kiapo kwamba zote ni zake.

Picha ilitoka Julai 1930 na ikasifiwa. Ikaonekana kwamba mtu wa sura elfu ana sauti elfu vilevile. Lakini wakati watu wakiisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe alikuwa akiipoteza. Mwaka uliotangulia, alipokuwa akicheza picha ya Thunder katika baridi kali, alishikwa na homa ya mapafu. Madaktari walipompima waligundua saratani. Maradhi yakapanda mpaka kooni, na siku zake za mwisho hakuweza kutamka neno.

Hapo akarudi alikoanzia. Akiwa kitandani, Chaney alisema na mkewe na waliomzunguka kwa mikono, kwa zile ishara alizojifunza kwa Emma na Frank huko Colorado Springs. Mtoto aliyekuwa ulimi wa wazazi wake viziwi sasa ndiye asiye na ulimi, na urithi wa wazazi hao ukamfaa saa ambayo fedha na umaarufu havikumfaa.

Alifariki dunia tarehe 26 Agosti 1930 mjini Los Angeles kwa kuvuja damu kooni. Alikuwa na umri wa miaka 47. Haikupata hata miezi miwili tangu picha yake ya kwanza yenye sauti kuonyeshwa, nayo ikawa ya mwisho. Kikosi cha wanamaji wa Marekani kilileta askari wa heshima mazishini, kwa kuwa kilimpenda tangu alipocheza kama sajini wao katika Tell It to the Marines. Alizikwa Glendale, California, karibu na baba yake. Kaburi la mtu huyo aliyejulikana dunia nzima halina jina.

YALIYOBAKI

Mwanawe Creighton alifanya kazi za mikono kwanza, kisha naye akaingia sinema baada ya kifo cha baba. Wenye studio walimtaka achukue jina la Lon Chaney Mdogo, naye akakubali kwa shingo upande. Mwaka 1941 alipata umaarufu kwa kucheza mtu anayegeuka mbwa mwitu katika The Wolf Man. Alikufa mwaka 1973.

Tod Browning alitengeneza Dracula mwaka 1931, akimtumia Bela Lugosi, na wimbi la picha za kutisha zenye sauti likaanza. Mwaka 1957 James Cagney aliigiza maisha ya Chaney katika filamu, na mwaka 1997 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye uso wa mtu wa opera.

Picha zake nyingi hazipo tena. London After Midnight ya 1927, ambayo alitoka na kofia ndefu na meno makali, iliteketea pamoja na nakala yake ya mwisho iliyojulikana, katika moto wa ghala la studio mwaka 1965. Lakini sanduku lake la rangi na nta limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Los Angeles. Ni sanduku la kawaida tu, kama la fundi yeyote.

Huyo ndiye Lon Chaney. Walioziona picha zake walikwenda kutishwa, na wengi wao walirudi nyumbani wakimwonea huruma yule aliyewatisha. Mtoto wetu akimcheka kiwete au kumwita bubu mtoto wa jirani, tumsimulie kisa cha kinyozi kiziwi na mkewe kiziwi, na mtoto wao aliyesimama mbele ya kitanda cha mama yake akisema kwa uso na mikono, mpaka dunia nzima ikamfahamu.